Bunduki ya Nyati wa Fedha

Kilolo,
11 Februari 2023

Ndugu yangu Lusekelo,

Kamwene! Barua yako imenifikia kwa mkono wa Damari, yule mama anayefuata mchele huko kwenu Mbeya. Nimeisoma nikiwa nimesimama uwanjani, halafu nikaingia ndani nikaisoma tena nimekaa.

Masikio yangu ndiyo hayohayo. Risasi za miaka yote ile tuliyokuwa askari wanyamapori zimeyamaliza. Juzi mtu alinipigia simu, nikasikia kama nyuki ndani ya debe, nikamkatia. Meseji nazisoma, lakini meseji si barua. Wewe peke yako ndiye unayekubali kuniandikia kama tulivyokuwa tukiandikiana tulipohamishwa vituo, na hilo silisahau. Naona mwandiko wako umekuwa mkubwa siku hizi, herufi kama za mwalimu wa darasa la kwanza. Nadhani ni raha ya kustaafu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Unasema bunduki yako umeitia bamba la fedha ubavuni, na juu ya bamba fundi amechora nyati. Nyati, Lusekelo! Nimekaa na neno hilo siku nzima. Bunduki zetu tulizinunua siku moja, duka moja, mimi nikiwa mbele na wewe nyuma yangu, zikifanana kama mapacha. Haiwezekani yako ivae fedha, yangu ibaki na kitako cha kiwandani kilichochubuka.

Basi ujue kwamba kitako kile nimekitoa. Iringa mjini yupo fundi wa samani anaitwa Anord, kijana anayetengeneza makochi ya wakubwa. Amenichongea kitako cha mpingo pamoja na mbao ya mbele, ile inayokaa chini ya mtutu. Mbao hiyo nimemwambia aigundishe kabisa isichezecheze. Nyeusi tititi! Ukiipitishia kiganja ni kama ubavu wa ng'ombe aliyetoka kuogeshwa. Mke wangu Severina anasema imekuwa nzito. Nimemwambia mpingo ndivyo ulivyo.

Nimeuza paina kadhaa kwenye lile shamba la miti. Zitakazobaki zinatosha.

Nijibu upesi, na usinifiche kitu ulichoongeza.

Ndugu yako,
Shedrack Kalinga


Uyole, Mbeya,
2 Machi 2023

Kaka Shedrack,

Nakusalimu kutoka huku kwenye ukungu. Mvua imetufungia ndani, viazi vinaoza shambani, wajukuu wanakohoa, lakini barua yako iliingia kama jua.

Mpingo! Nimefumba macho yangu nikauona. Wewe siku zote ulikuwa mtu wa kufanya jambo mpaka mwisho. Nakumbuka kambini ulivyokuwa unapiga buti zako rangi hata siku tunazokwenda kukanyaga matope, na bwana mkubwa akikagua anapita kwetu sote anakuja kusimama mbele yako.

Nyati wangu hajambo. Fundi wa huku amemwongezea macho ya shaba nyekundu, na pembe amezizungusha mpaka zinashuka kwenye kilimi cha kufyatulia. Mtutu umeng'arishwa. Mkanda ni ngozi ya ng'ombe wa Usangu, umeshonwa kwa mkono mara mbili. Akija mgeni, kwanza ananyamaza, halafu anauliza kama anaweza kuigusa. Mimi namwambia anaweza kuitazama.

Siku hizi shambani kwangu Usangu siendi sana. Ule mpunga nimemkodishia mtu. Kwa hiyo bunduki inapumzika, nami nakaa naiwaza jinsi inavyong'aa.

Mke wangu Esnath anawasalimu. Msalimie Mama Prisca, umwambie nakumbuka ugali wake na mboga ya maboga.

Ni mimi mwenzako wa njia zote,
Lusekelo Mwakalobo


Kilolo,
20 Aprili 2023

Ndugu yangu Lusekelo,

Macho ya shaba yalinikosesha amani. Sasa sikiliza.

Pale Iringa wapo vijana wanaong'arisha rimu za pikipiki kwa mashine. Nimewapelekea bunduki yangu yote, mtutu, kilimi, na lile bati la kiwandani la ubavuni. Wameisugua tangu asubuhi mpaka adhuhuri nikiwa nimesimama pembeni sibanduki. Ndugu yangu, unaweza kunyolea ndevu kwenye mtutu ule! Mikwaruzo yote, kutu yote, alama zote zimekwisha, imebaki safi kama sahani ya harusi. Fedha halisi nimekosa, lakini nimepata misumari ya shaba, nimeipanga kwenye kitako kwa umbo la ngao na mkuki. Wewe una nyati. Mimi ni Mhehe.

Na mkanda nimeshona. Wako umeshonwa mara mbili, wangu mara tatu.

Watu wanakuja. Mwenyekiti wa kijiji amekuja, katekista amekuja, hata mwalimu mkuu alipita na wageni wake. Naitoa risasi, naifuta, naiweka juu ya kitambaa cha meza. Hakuna anayesema neno. Na hata akisema sisikii, lakini nyuso nazijua.

Nguruwe pori wameingia mara mbili kwenye mahindi ya bondeni. Mara ya kwanza mvua ilikuwa inanyesha, nikaona si vizuri kuitoa, maji yangeingia kwenye misumari. Mara ya pili njia ilikuwa matope. Nilipiga debe, wakaondoka wenyewe, baadaye kidogo.

Severina amenuna kwa sababu ya paina. Zile zilikuwa za kununulia mtamba wa maziwa, ni kweli. Mtamba atakuja. Ng'ombe hawajaisha duniani.

Niambie fundi wako anamfanyia nini tena huyo nyati.

Shedrack


Kilolo,
6 Mei 2023

Mama Sekela mpendwa,

Nimempa Damari barua hii kwa siri, ampe mkononi mwako, asimpe mtu mwingine hapo nyumbani. Simu yetu hapa ni moja, na kwa kuwa mume wangu hasikii, kila meseji inayoingia anaisoma yeye. Ndiyo maana nimeshika kalamu, kitu ambacho sijafanya tangu niandike kadi za kipaimara cha binti yetu Prisca.

Mama Sekela, nakuomba kama mwanamke mwenzangu. Mwambie mumeo aache kumtajia mume wangu habari za bunduki yake. Kila barua ikitoka Uyole, mimi hapa nalia. Akisikia fedha, anataka mpingo. Akisikia shaba, anataka misumari, na kesho atataka kitu gani sijui. Ameuza paina nilizopanda kwa mikono yangu mwenyewe, nilizokuwa nazimwagilia kwa ndoo kichwani mwaka ule wa ukame, tununue mtamba. Zimebaki zile za mlimani, na jana nimemkuta anazizunguka anazitazama.

Na hiyo bunduki hailindi kitu! Nguruwe wamekula nusu ya mahindi ya bondeni. Yeye anasimama mlangoni ameivaa begani kama bwana harusi, anasema nje kuna umande.

Simchukii mumeo. Najua fedha ni zake na nyati ni wake. Lakini amwonee huruma mwenzake. Shedrack akishaanza kushindana hana breki.

Severina Kalinga (Mama Prisca)


Uyole,
19 Mei 2023

Mama Prisca, ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma nikakaa chini. Nikaisoma tena nikidhani nimekosea.

Nyati gani? Mama Prisca, hapa kwetu hakuna bunduki.

Ngoja nikueleze. Mwaka juzi mume wangu alianza kupata presha ya macho. Hospitali walimwambia mapema, akanificha. Akaendelea kwenda Usangu kulinda mpunga. Alfajiri moja akaona kitu cheusi kimeinama katikati ya mpunga, akalenga. Alikuwa ameshaweka kidole. Kile kitu kikakohoa. Alikuwa mama Mgogo mmoja jirani wa shamba, ameinama anapalilia sehemu yake. Yule mama mpaka leo hajui. Aliinuka, akamsalimu, akaendelea na kazi yake.

Lusekelo alirudi nyumbani siku ileile, hakula, akaoga, akavaa koti lake la kanisani, akaibeba bunduki mpaka polisi, akaisalimisha mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha. Alirudi kwa miguu mikono mitupu, mimi nikamwona tangu mbali nikadhani kuna msiba, ndipo akanieleza yote.

Hapa nyumbani hatuizungumzii tena. Sikujua kabisa kwamba anamwandikia mumeo habari za fedha na shaba. Ninachojua ni kwamba barua ya Kilolo ikifika anafunga mlango, anachukua ile lenzi yake ya kukuzia maandishi, na akitoka huko uso wake umekuwa wa kijana. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa barua hizo.

Sasa nifanyeje? Nimwambie kwamba nimejua? Au wewe umwambie mume wako? Niamulie wewe.

Esnath (Mama Sekela)


Kilolo,
3 Juni 2023

Mama Sekela,

Barua yako nimeisomea jikoni nikaitia motoni. Halafu nimecheka, halafu nimelia, halafu nikaenda kukata majani ya ng'ombe ambaye hatuna.

Siku tatu nimelala na jambo hili. Nikitaka kumwambia, naona uso wake atakapojua ameshindana na hewa. Ameuza miti, ametembea Iringa na kurudi, amesugua mpaka vidole vimepasuka, kumbe huko Mbeya hakuna kitu. Kijiji chote kitajua, maana yeye hana siri. Watamcheka mpaka kaburini.

Na mumeo je? Mtu aliyesalimisha bunduki ili asije akaua mtu, mimi ndiye nikamvue nguo mbele ya rafiki yake? Siwezi.

Usimwambie. Mimi pia sisemi. Ila mlimani kwenye paina zangu nimehamishia jembe langu na kiti changu, nashinda hukohuko. Akitaka kuzikata atanikata na mimi.

Severina


Kilolo,
14 Agosti 2023

Lusekelo,

Bunduki yangu imechukuliwa.

Nilikwenda kwenye uhakiki wa silaha. Nilivaa suti. Niliibeba ndani ya kanga mpya ya Severina isipate vumbi. Askari walipoifunua waliitana, wakaja wote, nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Mkuu wao akaigeuza huku na huku. Akachukua kitabu changu cha kibali akasoma namba. Akatazama bati la ubavuni. Akachukua tochi. Halafu akaniandikia kwenye karatasi, kwa sababu nilikuwa simsikii: "Mzee, namba ya silaha iko wapi?"

Hakuna namba. Wale vijana wa rimu wameisugua pamoja na kutu.

Anasema bunduki isiyo na namba haina mwenyewe. Anasema inaweza kuwa ya mtu yeyote, imetoka popote, na kitabu changu kinaweza kuwa cha bunduki nyingine iliyozikwa mahali. Mimi, Lusekelo! Mimi niliyekamata majangili mpaka nikapewa cheti! Na tena kuipeleka kwa mafundi wasio na leseni ya silaha ni kosa, naweza kushtakiwa. Wameifungia stoo wanamsubiri mtaalamu kutoka mkoani. Nilirudi na kanga tupu.

Nimewaambia ninaye shahidi. Nimewaambia tulinunua pamoja, wewe unaijua ile bunduki kama unavyonijua mimi. Nimewaambia pia yako ina nyati wa fedha, na huko Mbeya haijasumbuliwa na mtu. Kwa hiyo njoo nayo, pamoja na kitabu chako. Mkuu akiona yako ilivyopambwa na bado ni halali, ataelewa sisi ni watu wa namna gani.

Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Leo naomba.

Shedrack


Uyole,
22 Agosti 2023

Kaka,

Nakuja. Nitapanda basi la asubuhi siku ya Jumatatu ijayo, nitashuka Iringa na kupanda gari la Kilolo. Usiongee na mtu mwingine wala usisaini karatasi yoyote mpaka nifike.

Mengine tutaonana.

Lusekelo


Kilolo,
9 Septemba 2023

Mama Sekela,

Mumeo amesharudi huko, na najua hajakueleza vizuri, maana wanaume wakisafiri wanarudi na maneno mawili. Nakueleza mimi, kwa sababu nilikuwepo.

Alifika na begi dogo tu. Shedrack alitazama nyuma yake kwenye gari, akatazama begani kwake, akauliza, "Iko wapi?" Mumeo akamwambia kwa sauti kubwa, "Kesho!" Shedrack akaridhika. Mimi nikaenda kuchinja kuku nisiwatazame usoni.

Kesho yake tulikwenda polisi sisi watatu. Shedrack akakalishwa kwenye benchi upande wa dirishani. Mumeo akaitwa mezani kwa mkuu, mimi nikasimama karibu naye maana kwenye ngazi za mlangoni nilishaona miguu yake inazipapasa. Mtaalamu kutoka mkoani alikuwepo, bunduki iko mezani inameta.

Mumeo akasema, "Afande, namba ipo. Bunduki za aina hii zimepigwa namba mahali pawili. Ya pili iko chini ya mtutu, imefunikwa na mbao ya mbele."

Mkuu akamwuliza, "Mzee, umejuaje? Wewe unamiliki silaha?"

"Nilikuwa namiliki. Pacha wa hiyo."

"Mzee Kalinga ametuambia unakuja na bunduki ya nyati wa fedha. Tulikuwa tunaisubiri kwa hamu. Iko wapi?"

Askari mmoja alikuwa anakunywa chai, akashusha kikombe.

Mumeo akavua kofia. Akasema, "Haipo. Sijawahi kuwa na nyati. Bunduki yangu niliisalimisha mwenyewe macho yalipoanza kukataa, maana nilikaribia kumpiga mtu. Nikaona aibu kumwambia mwenzangu. Aliniuliza kwenye barua bunduki yangu inaendeleaje, nikaandika ina nyati wa fedha. Neno moja tu hilo. Yeye akaongeza, mimi nikaongeza. Kama kuna mtu wa kulaumiwa kwa mapambo haya ni mimi, afande, si yeye. Yeye ni mtu msafi."

Halafu akageuka kule dirishani, akasema, "Nisamehe, Shedrack."

Na Shedrack akaitikia kwa kichwa. Aliitikia vizuri kabisa, taratibu, kama mfalme. Mumeo akafuta macho.

Lakini Mama Sekela, mume wangu alikuwa hajasikia hata neno moja! Anaitikia hivyo kila kitu asichokisikia, hata mahubiri. Ninamjua. Alikuwa anaiangalia bunduki yake tu.

Mtaalamu akaijaribu ile mbao. Akasema imegundishwa, haitoki nzima, na hawezi kuipasua bila mwenyewe kukubali. Nikamwendea Shedrack nikamwambia sikioni, "Wanataka kupasua mpingo wako." Akaniangalia. Akamwangalia mumeo. Nikasema tena, "Namba iko chini yake." Akainuka, akaja mezani, akaishika ile mbao kwa kiganja mara ya mwisho kama unavyomshika mtoto anayekwenda bweni. Akasema, "Pasueni."

Ilipasuka kwa mlio mpaka yeye aliusikia. Namba ikaonekana chini ya mtutu, na kutu yake. Mkuu akaisoma kwa sauti, mtaalamu anafuatisha kwenye kitabu, tarakimu moja moja, mpaka ya mwisho. Ikawa yenyewe. Mkuu akampa mume wangu mkono. Amempa onyo kali kwa maandishi kuhusu mafundi, na bunduki ataipata wakishaipiga namba upya pale ubavuni.

Jioni walikula wakacheka mpaka wakapigana mapaja. Mumeo amekuja kwako akijua amesamehewa. Wangu ananiuliza kila siku, "Kwa nini Lusekelo hakuja na ile yake?" Nimemwambia polisi wa huko hawakuruhusu isafiri. Mungu anisamehe.

Severina


Uyole,
16 Septemba 2023

Kaka yangu Shedrack,

Nimefika salama. Tangu nilipotoka kwako nalala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Nakuandikia kukushukuru. Pale polisi niliposema mbele ya watu wote kwamba nyati wangu ni wa uongo, kwamba bunduki yangu niliirudisha zamani kwa sababu ya macho, na kwamba ni mimi niliyekutia katika gharama zile kwa kalamu yangu, nilitegemea unitemee mate. Ungekuwa na haki. Wewe ukaitikia kwa kichwa. Hukusema neno, wala jioni hukulirudia. Ukanimegea paja la kuku.

Nimemsimulia Esnath, nimemsimulia mchungaji. Nimewaambia nimemwona mtu mkubwa katika maisha yangu, na ni Mhehe.

Sasa huna haja ya kuniambia umeongeza nini. Niambie tu mvua, niambie mahindi, niambie mgongo wako. Nitasoma kila herufi wakati bado naweza.

Mdogo wako,
Lusekelo


Kilolo,
28 Oktoba 2023

Ndugu yangu Lusekelo,

Umeona nimechelewa kujibu. Nilikuwa sijui nianzie wapi.

Sikusikia kitu pale polisi. Nilikuwa nakuona tu umevua kofia, midomo inacheza, nikadhani unamsalimia mkuu. Niliitikia ili nisionekane kiziwi. Habari yote nimeipata kwenye barua yako, nikiwa peke yangu kibarazani.

Kwa hiyo usinisifu. Nilivyoisoma niliinuka nikaipiga teke stuli, nikaumia kidole. Nikamwita Severina nikamwuliza, "Ulikuwa unajua?" Akasema, "Tangu Mei." Nikaacha kula mezani. Nilikaa siku nyingi nikitafuta maneno ya kukuandikia, na yote yalikuwa mabaya. Nilikuwa nasema, ningeshindwa na bunduki ingekuwa afadhali, lakini nimeshindwa na mwandiko.

Halafu nikapanda mlimani kumtafuta Severina kwenye paina zake. Nilipita pale nilipokata zile za kwanza. Visiki vyote vimetoka utomvu. Nilikaa juu ya kimoja. Nikajiuliza, mimi kwa nini sikuona? Mwandiko wako mkubwa niliuona, nikautania. Ulisema shambani huendi, nikasoma haraka nifike kwenye nyati. Sikuwahi kukuuliza habari za macho yako. Nilikuwa nauliza habari za macho ya nyati.

Na nikafikiri habari za yule mama kwenye mpunga. Severina amenieleza. Ndugu yangu, mimi kwa haya masikio yangu ningeendelea kulenga. Nisingemsikia akikohoa. Kuvaa koti na kuipeleka mwenyewe, mchana, watu wanakuona! Huko porini tulimsifu mtu kwa kupiga. Wewe umefanya zaidi ya hapo na ukaficha, halafu ukajisifu kwa kitu ambacho hakipo. Hapo ndipo unaponikasirisha mpaka leo.

Basi Jumapili baada ya misa nilisimama nje ya kanisa nikawaambia watu wote. Usistuke. Severina alinivuta shati, sikukaa. Nilisema nimeuza miti ya mke wangu kushindana na bunduki ya hadithi. Walicheka sana, niliona meno yao yote. Nikawaacha wacheke. Walipomaliza nikawaambia mwenye hadithi ni nani, na bunduki yake aliipeleka wapi na kwa nini. Hakuna aliyecheka tena. Katekista alikuja kunishika mkono, mwenyekiti akauliza kama unaweza kuja siku moja aongee na wewe. Nilitembea kurudi nyumbani kifua mbele kuliko siku ile niliyotoka na mpingo begani.

Shamba la mlimani sasa limeandikwa jina la Severina, muhuri wa kijiji umepigwa. Anajadiliana na watu wa mtamba mwenyewe, mimi nabeba mkoba tu.

Bunduki nimerudishiwa. Mbao ya mbele nimewekewa na fundi mwenye leseni, ya kawaida, hailingani na kitako. Ukiitazama utacheka. Kuna matope kwenye mkanda na sijayafuta.

Mvua zikianza, njoo ukae hapa mpaka mahindi yabebe. Utalala chumba cha Prisca. Mwambie Mama Sekela naye aje, wanawake hawa wana mambo yao ya kuandikiana na ni afadhali waongee tukiwepo.

Na watu wa Uyole wakikuuliza bunduki yako iko wapi, waambie iko Kilolo kwa ndugu yako, inalinda shamba. Mimi sitakanusha. Ila ukisimama tena mbele ya polisi, wewe sema ukweli tu. Severina ananiambia uliusema vizuri sana, na ninasikitika sikuusikia.

Ndugu yako,
Shedrack Kalinga